Msiwaambie watu wabonyeze "endelea" mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie ile makala yenu iliyowashauri wasomaji wenye kompyuta za zamani wapige Linux, yaani wauweke kwenye mashine huo mfumo wa bure badala ya Windows, na pia ile barua ya msomaji mwenzangu aliyejibu toleo lililofuata akasema mambo hayo waachiwe mafundi. Makala nimeipenda kwa nia yake, kwa sababu ni kweli tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kuna laptopu nyingi nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa, mara hazina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, mara prosesa yake haimo kwenye orodha, na mwenye nayo anaambiwa akanunue nyingine wakati hii aliyonayo inawaka vizuri, kibodi nzima, kioo kizima. Hapo mko sawa kabisa. Ila mlipofika kwenye kuelekeza namna ya kuipiga hiyo Linux mkaandika mtu adaunlodi, aweke kwenye flashi, awashe, alafu abonyeze endelea mpaka mwisho. Mhariri, hiyo sentensi ya mwisho ndo imenifanya niandike.

Katikati ya hizo "endelea" kuna ukurasa mmoja wa kuchagua diski. Kurasa nyingine zote ukikosea hamna neno, lugha utabadilisha baadaye, saa utabadilisha, hata jina la kompyuta linabadilishwa ukishaingia ndani. Ukurasa wa diski ukishaukubali na kazi ikaanza, umekubali. Pale kuna chaguo la kufuta diski yote, mara nyingi liko juu kabisa na wakati mwingine limeshawekewa alama tayari, kwa hiyo mtu aliyefundishwa kubonyeza endelea anabonyeza tu kama alivyobonyeza kwenye kurasa zilizotangulia, na Windows inaondoka, na picha zinaondoka, na barua za kazi zinaondoka.

Kuna mama mmoja aliletwa kwangu na kijana wake, laptopu inafunguka vizuri tu, Linux mpya inang'aa, anauliza picha zangu ziko wapi. Kijana alikuwa amefuata maelekezo ya aina hiyohiyo mliyochapa nyinyi, na wala hakufanya uzembe wowote, alifanya alichoambiwa. Laptopu ilikuwa na diski ya zamani ile inayozunguka kwa hiyo tukapata pa kuanzia, kuna programu inaitwa PhotoRec ya bure kabisa, inapita diski nzima ikitafuta mwanzo wa picha na mwanzo wa hati bila kujali majedwali ya mafaili yamefutwa. Tukaiacha inatembea. Ilichorudisha ni folda moja baada ya nyingine za picha zisizo na majina wala mpangilio, kila moja ina herufi f na namba ndefu, picha ya harusi imekaa kati ya vipicha vidogovidogo vya kurasa za intaneti, na video nyingi zimerudi nusu hazichezi. Yule mama alikaa anazipitia moja moja. Na huyo alikuwa na bahati, maana ingekuwa SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, mambo yangekuwa mengine, Linux ikifomati patisheni, yaani kipande cha diski, kwa ext4, mpangilio wake wa mafaili, kawaida yake inaiambia SSD kwamba sehemu ile yote haina kitu tena, na SSD ikishaambiwa hivyo inajisafisha yenyewe kwa ndani, PhotoRec ukiipitisha inakuta sifuri tupu. Laptopu nyingi za miaka hii zina SSD. Ndo maana nasema hiyo sentensi yenu ni ya hatari.

Sasa bakapu. Kila mtu anasema weka bakapu na kila anayesikia anasema sawa alafu haweki, kwa hiyo naomba gazeti liseme kwa undani kidogo. Nakili vitu vyako kwenye diski ya nje, alafu vifungue huko huko kwenye diski ya nje, fungua picha kadhaa, fungua ile hati unayoipenda kuliko zote, uone zinafunguka kweli. Alafu, na hili ndo watu wanalisahau, ichomoe hiyo diski ya nje kabla hujaanza kupiga. Ukiiacha imechomekwa nayo itatokea kwenye ule ukurasa wa diski, na haitatokea kwa jina uliloipa wewe, Linux yenyewe inaita diski sda, sdb, sdc kadiri inavyozikuta, na zile SSD za kisasa za NVMe inaziita nvme0n1, zikigawanywa vipande inaongeza p1, p2, p3. Mtu wa mara ya kwanza atajuaje sdb ni ipi? Atajua kwa ukubwa. Soma ukubwa. Kama laptopu yako ina diski ya GB 500 na flashi ya GB 16 basi kile kitu cha karibu GB 15 ni flashi, na hicho cha GB 465 hivi ndicho diski yako, usishangae ni pungufu, watengenezaji wa diski wanahesabu gigabaiti kwa bilioni moja kamili na programu nyingi zinahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024, hakuna aliyekuibia.

Kingine ambacho makala iliruka ni kwamba kabla ya kupiga chochote unaweza kuijaribu Linux ikiwa kwenye flashi tu. Hili mimi naona ndo zuri kuliko yote na ndo lingepaswa kuwa kichwa cha habari! Ukiwasha kwa flashi ya Ubuntu, Mint au Fedora, ambazo ni aina za Linux, inafunguka mezani kabisa (desktop), ina Firefox ya intaneti, ina LibreOffice ya kuandikia, na diski yako haijaguswa, ukizima kila ulichofanya kinapotea na Windows inarudi kama ilivyokuwa. Kaa nayo hapo. Usiangalie urembo, angalia vifaa: waifai inaona mtandao wako? sauti inatoka? kamera? mwanga wa kioo unapanda na kushuka kwa vile vibatani vya juu ya kibodi? ukifunika laptopu ikalala, ukifunua inaamka? Hiyo ya kulala na kuamka ijaribuni hasa, maana ndo inayosumbua kwenye baadhi ya laptopu na ndo watu wanaigundua wakiwa wameshafuta kila kitu. Waifai isipoonekana usikate tamaa, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti, Linux inaiona simu kama waya wa mtandao na mara nyingi unaingia mtandaoni hapo hapo unaenda kuchukua draiva, ile programu ya kuendesha kifaa. Zamani Debian, aina nyingine ya Linux, ilikuwa inatoa zile programu ndogo za waifai pembeni kwa sababu si huria, watu wakihangaika, mpaka mwaka 2022 wakapiga kura wenyewe na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zimo ndani ya faili rasmi la kupigia.

Kwa anayetaka kubaki na Windows yake na kuweka Linux pembeni, wengi wa mara ya kwanza ndo wanataka hivyo na wana haki, kuna mambo ya kufanya ukiwa bado ndani ya Windows na hayana mkato. Kwanza angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kile kifungo cha siri cha Windows, Windows nyingi mpya zinakuja imeshawashwa na mwenyewe hana habari. Kuna ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uandike kwenye karatasi kabla hujagusa mipangilio yoyote ya kuwashia, kwa sababu ukizima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, au ukibadilisha utaratibu wa kuwasha, Windows inaweza kuamka inadai huo ufunguo na bila huo hakuna fundi wa kukusaidia duniani. Pili, ile Windows unayodhani umeizima mara nyingi haijazima, ina kitu kinaitwa Fast Startup, inajilaza nusu ili kesho iamke haraka, na inaacha diski yake ikiwa imeshikiliwa, sasa ukiingia Linux ukataka kuandika kitu kwenye ile diski ya Windows inakukatalia, inakuruhusu kusoma tu, na watu wanadhani diski imekufa. Kizime kwenye mipangilio ya umeme, au siku hiyo ya kupiga shikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, hapo inazima kweli. Tatu, nafasi ya Linux ikate ukiwa ndani ya Windows kwa kutumia kifaa chake chenyewe cha kusimamia diski, uipunguze ile C ubaki na sehemu tupu, alafu ukifika kwenye ule ukurasa wa Linux unaiambia ikae kwenye hiyo sehemu tupu. Windows inajua mafaili yake yamekaa wapi kuliko mgeni.

Na kile kipatisheni kidogo cha mwanzo chenye FAT32, mara nyingi MB 100 hadi 500, jamani msikifomati. Kinaonekana kama takataka lakini ndo kompyuta ya UEFI, yaani yenye utaratibu mpya wa kuwasha, inakosoma namna ya kuwasha mifumo yote, Windows imo humo na Linux inaenda kuweka vitu vyake humo humo bila kugombana. Kukitumia ni sawa, kukifomati umeiondoa Windows mlangoni.

Kuna laptopu ambazo ukifika kwenye ukurasa wa diski hakuna diski kabisa, orodha tupu, ama ipo flashi peke yake. Hapo mtu anachanganyikiwa kweli. Mara nyingi ni ile mipangilio ya BIOS, ile ya ndani unayoifungua kabla mfumo haujawaka, imewekwa diski isomwe kwa namna ya RAID au Intel RST badala ya ile ya AHCI. Inabadilishwa, lakini ukibadilisha ghafla Windows inaweza kukataa kuwaka kwa hiyo inatakiwa kuandaliwa kwanza, na hapa mimi mwenyewe nitasema mtu atafute anayejua. Hapo namkubalia yule msomaji mwenzangu wa mafundi.

Lakini ni hapo tu, maana barua yake kwa ujumla sikubaliani nayo. Alisema Linux ni ya wataalamu na mtu wa kawaida asiiguse. Ndugu yangu, simu za Android zote zina kiini cha Linux ndani, na tangu Novemba 2017 zile kompyuta kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux zote, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Na hata huko ilikotoka haikuanza kwa makubwa. Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, ilianza mwaka 1969 kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs Marekani kwenye kimashine cha PDP-7 ambacho hata wakati huo kilikuwa kimeshapitwa, Richard Stallman akatangaza GNU mwaka 1983 akitaka mfumo wa namna ile ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani, alafu Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki, akawaandikia watumiaji wa MINIX, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo wa kujifurahisha tu hautakuwa mkubwa. Wale waliopiga Linux miaka ile walipiga kwa rundo la diski laini (floppy), wanabadilisha moja baada ya nyingine, moja ikiwa mbovu wanaanza upya, hakuna wa kumuuliza. Sa hivi unabonyeza unaiona meza. Kwa nini leo tuwaambie watu hamuwezi?

Mimi nimeona mwalimu wa watu wazima, mama wa miaka mingi ambaye hajawahi kufungua BIOS, amekaa akasoma kila ukurasa kwa sauti kabla ya kubonyeza, akauliza maneno asiyoyajua, akapiga Mint yake mwenyewe na ikawaka. Kilichomfanikisha ni ile kusoma. Alipofika kwenye diski alisimama, akatoa karatasi yenye ukubwa wa diski yake, akalinganisha, ndo akaendelea. Mtu wa namna hiyo hahitaji fundi, anahitaji gazeti limwambie asimame wapi.

Vitu vingine vya mara ya kwanza ni vidogo lakini vinatisha watu kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ukidaunlodi lile faili la ISO lenye mfumo mzima, Mint ni karibu GB 3, Ubuntu karibu GB 6, linaweza kufika limepungukiwa na usijue mpaka upigaji unakwama katikati, kwa hiyo lipime, tovuti rasmi inatoa alama ya SHA256 ya herufi na tarakimu 64, na hata ukiwa Windows unafungua dirisha la amri unaandika certutil -hashfile alafu jina la faili alafu SHA256, inakupa alama yako unalinganisha na ya kwao. Zikitofautiana hata kidogo daunlodi tena. Kunakili lile faili kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo haitoshi, linatakiwa liandikwe na programu kama Rufus au balenaEtcher, na flashi nayo inafutwa yote kwa hiyo msitumie flashi yenye vitu. Kuwasha kwa flashi unagonga F12 au F2 au Esc au Delete mapema kabisa kompyuta inapowaka, inategemea kampuni.

Ukishaingia Linux yako ukafungua tamino, lile dirisha la amri, ukaandika sudo, neno la kuomba ruhusa ya msimamizi, inakuuliza paswedi na unavyoandika hakitokei kitu, hata nyota haitokei kwenye nyingi. Watu wanadhani kibodi imekufa wanazima. Iko sawa, endelea kuandika, gonga Enter. Na kama umeweka mifumo miwili utakuta ukirudi Windows saa imeruka mbele au nyuma, hiyo ni kwa sababu Linux inaiweka saa ya kwenye bodi kwa saa ya dunia na Windows inaisoma kama saa ya mahali ulipo, amri moja ukiwa ndani ya Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inamaliza ugomvi. Na kama ile menyu ya GRUB, ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha, imekuja haina Windows, jamani msilie kwanza, tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 GRUB yenyewe imezima kile kiprogramu cha kutafuta mifumo mingine, Windows inaweza kuwa ipo salama tu haijaorodheshwa. Washa tena huku unagonga kile kibatani cha kuchagua cha kuwashia uangalie kama jina lake lipo pale. Likiwepo, ipo.

Ipi ya kuanza nayo? Makala ilitaja majina mengi mno mpaka mtu anashindwa kuchagua. Mimi nasema Linux Mint kwa anayetoka Windows, meza yake haimpotezi na ina Timeshift ya kurudisha mfumo ukiharibika, ila mjue Timeshift inatunza mfumo na kawaida yake haitunzi picha zenu, bakapu iko palepale. Kompyuta ya zamani sana yenye prosesa ya biti 32 ni habari nyingine, Debian 13 ya Agosti 2025 haitoi tena faili la kuipigia, Debian 12 bado lipo. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix ambao si Linux, ni nzuri mno na kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa uangalifu ambao natamani kila mfumo uwe nao, lakini diski zake zina majina mengine, na ukiwasha mara ya kwanza unakutana na maandishi matupu, meza unaijenga mwenyewe. Aipige mwenye kompyuta ya pembeni isiyo na kitu cha kupoteza, ataifurahia.

Ombi langu kwenu Mhariri ni mrudie ile makala. Msifute ushauri wa kupiga Linux, uacheni, watu wengi wataokoa mashine zao. Tangulizeni kuijaribu kwenye flashi, bakapu iliyofunguliwa ikaonekana, na huo ufunguo wa BitLocker, alafu nafasi yote inayobaki ipeni ule ukurasa wa diski. Chapeni picha yake, kubwa, isomeke, ionyeshe sda na ukubwa wake, ionyeshe kile kipatisheni kidogo cha FAT32, na lile chaguo la kufuta yote lizungushieni wino mwekundu muandike pembeni: hapa simama, soma ukubwa, uliza kama hujui.

Wenu,
Msomaji wa kila toleo